Kuwa na Kuŵa katika Folda Moja

Kanuni niliyoiweka ilikuwa fupi: neno moja, faili moja, na jina la faili ni neno lenyewe. Niliiandika kwa kalamu kwenye jalada la daftari kabla sijarekodi hata neno la kwanza, kwa sababu kazi isiyo na kanuni mwanzoni huishia kuwa lundo. Leo mtu akiniuliza nilikosea wapi, nitamwonyesha jalada hilo.

Mimi ni fundi wa redio, simu na kompyuta hapa Masasi. Sikusomea ufundi. Shule niliishia darasa la saba, na mengine nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyoharibika, kisha kwa kusoma maelezo ya Kiingereza nikiwa na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu ukurasa. Mama yangu anazungumza Chiyao. Sisi wanawe tulikua tukichanganya: Chiyao nyumbani, Emakhuwa kwa majirani, Kiswahili shuleni. Nilipovuka miaka arobaini niligundua kwamba maneno mengi ya mama nayaelewa nikiyasikia, lakini mwenyewe siwezi kuyatamka bila kusitasita. Ndipo nikaanza kwenda kwake Chiungutwa kila Jumapili na kinasa sauti.

Alikuwa akibangua korosho huku akinijibu. Nilitaja neno kwa Kiswahili, naye alilisema kwa Chiyao na kulitolea mfano.

"Unayataka ya nini maneno haya yote?" aliniuliza siku ya kwanza. "Au unataka kuoa tena, safari hii Myao?"

"Nayatunza tu, mama."

"Maneno hayaozi. Tunza korosho."

Chiyao kina sauti moja ambayo Kiswahili hakina. Midomo miwili inakaribiana kama inayotaka kusema b, halafu inaghairi, na pumzi inapita katikati. Kwenye maandishi sauti hiyo ni w yenye kofia: ŵ. Watu ni ŵandu. Jua ni lyuŵa. Kusema ni kuŵecheta. Bila kofia, w ya Chiyao ni hii hii ya Kiswahili, na hapo pana hatari moja niliyoijua tangu utotoni. Kuŵa, yenye kofia, ndiyo kuwa ya Waswahili: kuwa mtu, kuwa mzima. Kuwa, isiyo na kofia, kwa Chiyao ni kufa.

Nilikuwa na faili ya kila moja. Katika kuŵa mama alisema "kuŵa mundu jwambone", kuwa mtu mwema, na nyuma yake jogoo aliwika. Katika kuwa alisema neno lenyewe mara mbili, polepole, kisha akatoa mfano ambao mtu yeyote angeutoa, kwamba watu wote hufa, na akaendelea kubangua.

Faili zote niliziweka chini ya programu ya kutunza matoleo. Ni programu wanayotumia waandishi wa programu nyingine: kila badiliko unaloliingiza linaandikwa, na unaweza kurudi kwenye hali ya folda ilivyokuwa mwezi uliopita au mwaka uliopita. Historia inakaa kwenye seva, na kila mshiriki ana nakala yake ya kazi. Nilikuwa mshiriki peke yangu. Kwa miaka miwili hakikutokea kitu.

Kisha mama akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, upande mmoja wa mdomo ukashuka, na maneno yakamtoka yote. Alielewa kila kitu. Ungemwambia ageuke, aligeuka. Ila alipotaka kusema, ilitoka pumzi tu. Dada yangu, aliyeolewa Newala na anayeuza vitenge sokoni kule, alimchukua akakae naye. Mtaalamu wa mazoezi aliyemwona alisema jambo moja ambalo dada alilishika kama dawa: mgonjwa asikilize maneno anayoyajua, kwa lugha yake, ajaribu kuyarudia, kila siku, saa ile ile.

Dada alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Zile sauti ulizomrekodi mama bado zipo?"

"Zipo zote."

"Basi atafundishwa na yeye mwenyewe. Nani atakayemfundisha mama kusema kama si mama?"

Nilimwekea programu kwenye laptopu aliyoletewa na mwanawe, ya mtumba, ya aina tofauti na kompyuta yangu. Tulichagua maneno thelathini, nikayachapa kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na kitanda. Kila asubuhi baada ya uji mama angesikia sauti yake ya zamani na kujaribu kuifuata. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu: kama mama atarudi kusema au hatarudi. Mimi nilidhani ni suala la kupeleka faili tu.

Siku ya tatu dada alipiga simu tena.

"Mashine yako inaniambia lyuŵa imepotea."

"Iangalie kwenye folda."

"Naiona. Nimeifungua, mama anaongea. Lakini hapa imewekewa alama ya mshangao, kwamba imepotea. Na chini yake ipo lyuŵa nyingine, ina alama ya kuuliza."

"Alama ya kuuliza maana yake ni faili isiyojulikana."

"Sasa mdogo wangu, kitu kile kile kimepotea na hakijulikani, na mimi nimekishika mkononi. Nani mgonjwa hapa?"

Ilinichukua siku nne kuelewa. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Na ŵ inaweza kuandikwa kwa namba kwa njia mbili, zote halali. Njia ya kwanza: namba moja kwa herufi nzima, w ikiwa imeshavaa kofia yake. Njia ya pili: namba mbili, w kwanza, halafu kofia peke yake inayokuja kukaa juu ya herufi iliyotangulia. Kwenye kioo huoni tofauti yoyote. Kompyuta yangu ilitunza jina kama nilivyoliandika, kwa njia ya kwanza. Laptopu ya dada ilikuwa na desturi yake: kila jina lililoingia ililivunja vipande, ikalitunza kwa njia ya pili. Programu ilipokuja kuhesabu faili zake, ilitafuta lyuŵa ya namba moja, haikuiona, ikaandika imepotea. Ikakuta lyuŵa ya namba mbili, haikuitambua, ikaandika haijulikani. Kila mashine ilikuwa sahihi kwa hesabu yake.

Dada hakuwa mtu wa kungoja maelezo. Aliona faili zisizojulikana, akazitambulisha: akaziongeza moja moja kwenye hazina, yaani ile folda ya pamoja iliyo kwenye seva, kama mtu anayewaandikisha wageni. Nilipoivuta folda Masasi nikakuta lyuŵa mbili, ŵandu mbili, kuŵecheta mbili, zimelala sambamba kwenye orodha kama pacha. Kwangu zilikaa pamoja bila tatizo. Kwake hazikuweza, pale palikuwa na nafasi ya moja tu. Kila alipojaribu kupokea maneno mapya, programu ilisimama katikati na kusema kuna kitu kimekaa mahali pasipo pake. Haikuenda mbele, wala haikurudi nyuma. Alifuta, zikarudi. Aliziongeza, zikazaana. Katika maneno thelathini ya ukutani, kumi na moja yalikuwa na kofia, kuŵa likiwamo, na asubuhi nyingine hayo yote hayakufunguka. Mama aliketi akingoja sauti yake mwenyewe.

Niliwaandikia watengenezaji wa programu hiyo. Wana orodha yao ya barua pepe, mtu yeyote anaweza kuandika. Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa siku mbili nikiwa na kamusi. Nilieleza hatua kwa hatua: mashine gani, jina gani, namba zipi. Nilipendekeza kwamba programu ichague njia moja ya kuandika majina, na kila jina linaloingia ligeuzwe kufuata njia hiyo.

Walinijibu kwa adabu. Walisema kasoro hiyo wanaijua, na wakanielekeza kwenye mjadala ulioanza miaka mingi kabla yangu. Niliusoma wote. Ilikuwa kama kuingia kwenye nyumba ambayo watu wamefungiwa ndani, wanajuana kwa sauti, na kila mmoja ameshajaribu kila mlango. Ukichagua njia ya kwanza, hazina za watu zilizojaa majina ya njia ya pili hazitasomeka sawasawa. Ukichagua ya pili, ni vivyo hivyo kwa wengine. Ukigeuza majina ya zamani, historia inabadilika, na programu nzima ilijengwa kwa ahadi kwamba historia haibadiliki. Na wapo wenye faili mbili za namna hiyo katika folda moja. Mmoja wao aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: utajuaje kwamba hizi mbili ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, na si vitu viwili?

Nilirudi na pendekezo dogo zaidi. Majina yabaki kama yalivyoletwa, ila wakati wa kulinganisha tu yapimwe kwa njia moja, na jina la pili linalofanana likataliwe mlangoni. Wakasema ni wazo zuri, lilishatolewa. Linahitaji mtu wa kuliandika, wa kulijaribu kwenye kila aina ya mashine, na wa kulitunza. Kwa sasa, mmoja aliniandikia, njia salama ni kutumia herufi za kawaida tu kwenye majina.

Herufi za kawaida. Nilifunga kompyuta nikatengeneza pasi ya mteja.

Ushauri ule sikuutaka, lakini kila siku niliyoukataa ilikuwa siku ya mama kutosema. Nilimpigia dada.

"Naweza kuondoa kofia zote," nilimwambia. "Majina yabaki na w tupu. Sauti hazitaguswa."

"Ziondoe. Newala hakuna jua la kuvalia kofia."

Niliandika programu ndogo ya kufanya kazi hiyo. Nataka kueleza jinsi ilivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunga. Ilichukua kila faili yenye kofia na kuipa jina lisilo na kofia. Kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, niliweka sharti: kama jina jipya tayari lina mwenyewe, usiandike juu yake, iache faili ilivyo. Nilijua kuna pacha. Lyuŵa ya kwanza ingegeuka lyuwa, na lyuŵa ya pili ingekuta jina limeshachukuliwa, ingebaki. Kwa hiyo hatua ya mwisho ilikuwa kufuta kila faili iliyobaki na kofia, kwa sababu zilizobaki, kwa hesabu yangu, zilikuwa nakala tu.

Nilipitia orodha ya zilizobaki kabla ya kufuta. Zilikuwa nyingi, zote majina niliyoyajua, yote yakionekana mara ya pili. Kuŵa ilikuwamo kati yao. Niliiona. Macho yangu yakaipita.

Kuŵa haikuwa imebaki kwa sababu ni nakala. Ilibaki kwa sababu kuwa, ile ya kufa, ilikuwa imekaa kwenye jina hilo tangu mwanzo.

Nilifuta, nikaingiza mabadiliko, nikachapa karatasi mpya ya maneno thelathini bila kofia ili ilingane na majina ya faili, nikamtumia dada kwa dereva wa basi. Dada akaisafisha laptopu, akaivuta folda upya. Hakuna mshangao, hakuna swali. Orodha safi. Alinipigia kunishukuru, na jioni ile nilikula vizuri.

Siku kumi baadaye sauti ya dada kwenye simu ilikuwa nyingine.

"Mama amegoma."

"Amegoma nini?"

"Kila kitu. Maneno hataki hata kuyasikia. Amegeukia ukutani. Na tangu juzi hali chakula. Nikimpelekea kijiko anafunga mdomo, ule upande unaofunga."

"Ana homa?"

"Hana homa. Ana hasira, au ana nini, sijui. Njoo."

Nilifunga duka, nikachukua kompyuta na diski ya nje yenye nakala ya seva nzima, maana sipendi kutegemea mtandao wa ugenini. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Newala. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Aliyenipokea ni mkwe wa dada, mke wa mwanawe, tunayemwita Mama Pacha. Ni Mmakonde wa pale pale Newala, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama asubuhi dada anapokwenda sokoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Habari za mgonjwa?"

Alipokea mzigo wangu, akashusha sauti. "Bibi amenikasirikia. Sijui nimemkosea nini. Nikiingia mimi ndiyo anageuka kabisa."

Niliingia kumsalimu mama. Tangu augue, alikuwa akijibu shikamoo kwa kuinua mkono wa kushoto. Safari hii alinitazama kwa muda mrefu, jicho moja likiwa limeshuka kidogo, kisha akauacha mkono chini ya kanga na kurudi ukutani. Bakuli la uji lilikuwa kwenye stuli, limeganda juu.

Nilitoka barazani. "Nionyeshe mnavyofanya," nilimwambia Mama Pacha. "Kila kitu, kama vile yupo."

Aliweka laptopu kwenye meza, kiti kimoja mbele yake bila mtu, na karatasi mkononi. Alifungua faili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maneno hayo alikuwa akiyarudia kwa kubahatisha, kwa ulimi wa Kimakonde, akiacha sauti ya mama ifundishe.

"Haya mengine siyajui, mjomba, namwachia mwenyewe," alisema. "Ila hili moja nalijua, ni Kiswahili. Basi hili ndilo ninalomsaidia sana."

Akabonyeza. Sauti ya mama ikatoka, nzima, ya Chiungutwa, na korosho zikigongwa nyuma yake. Kuwa. Kuwa.

Mama Pacha aliinamia kile kiti kitupu, akaweka uso wa upole, kama alivyokuwa amezoea kufanya. "Sema, Bibi. Kuwa. Taratibu tu. Kuwa, Bibi. Jaribu. Kuwa."

Nilimwomba anyamaze.

"Mara ngapi kwa siku?" niliuliza.

"Mpaka ajibu. Mara kumi, kumi na tano. Siku moja alianza kulia, nikajua anakaribia kupata, nikaongeza."

Dada alikuwa amerudi kutoka sokoni, amesimama mlangoni na mzigo wa vitenge kichwani. Alikuwa amesikia. Yeye Chiyao anakijua kuliko mimi. Alishusha mzigo chini polepole, akakaa juu yake.

"Alikuwa anamwambia mama afe," alisema.

"Nani?" Mama Pacha aliuliza. "Nani anamwambia?"

Dada alimweleza kwa maneno machache. Mama Pacha aliweka mikono yote miwili mdomoni, akabaki hivyo. Mwanamke yule alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa siku kumi, kwa uvumilivu wote alionao, akimbembeleza kwa neno hilo. Na aliyekuwa akimwongoza kwenye neno alikuwa mama mwenyewe, kwa sauti yake ya siku za afya. Mama asingeweza kuuliza. Angefikiri nini, zaidi ya kwamba wanawe wamekaa wakashauriana, wakaona muda umefika, na wakatafuta njia ya kumwambia?

"Uliziondoa wewe," dada aliniambia.

"Ulisema niziondoe."

"Nilisema uondoe kofia. Sikusema umwondoe mama."

Niliunganisha diski, nikarudi kwenye historia, hatua moja kabla ya siku ile ya usafi. Kuŵa ilikuwepo. Haikuwa imepotea hata dakika moja. Programu inatunza kila kitu, na hilo ndilo inalojua kufanya. Niliifungua nikasikia jogoo, na mama akisema kuŵa mundu jwambone. Kilichobaki ni kuihamishia kwenye laptopu ya dada, na hapo nikakwama kwa kitu kidogo kuliko vyote: jina. Nikiliandika kuwa, ninairudisha pale pale. Nikiliandika kwa kofia, mashine ile italivunja na mambo yataanza upya. Nikiweka namba badala ya neno, Mama Pacha hatajua anafungua nini, na kosa lililotufikisha hapa ni la mtu kutojua anafungua nini. Nilikaa mbele ya kile kisanduku cha jina kwa muda ambao fundi hapaswi kukaa. Watu wa ile orodha ya barua pepe walikuwa wamekaa mbele yake kwa miaka.

Mwishoni niliandika kuŵa, kwa kofia. Papo hapo programu ikaweka alama zake mbili: imepotea, haijulikani.

"Hizi usiziguse," nilimwambia dada. "Usiongeze, usifute. Ziache hivyo."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Mpaka ninapoandika haya zipo hivyo. Nimekwisha kuandika tena kwenye ile orodha, nimekwisha kujibiwa tena.

Tuliingia kwa mama wote watatu. Nilivuta kiti nikakaa upande wa ukuta, ili akigeuka anikute. Nilikuwa nimejifunza kulieleza jambo hili kwa Kiingereza cha kamusi, kwa wageni nisiowajua nyuso, na walinielewa. Kwa mama sikupata pa kuanzia.

"Mama," nilisema, "hakuna aliyekutakia kifo. Ni kosa langu. Nilitoa kialama kwenye maandishi, neno moja likakaa mahali pa jingine."

Alinitazama. Hakuna kitu usoni mwake nilichoweza kukisoma.

"Huyu mke wa mjukuu wako hajui Chiyao. Alisoma Kiswahili. Alikuwa anakwambia uwe, si ufe. Uwe tu, uwepo."

Dada alibonyeza. Jogoo akawika, sauti ikasema kuŵa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akageuza macho kwa Mama Pacha, ambaye alikuwa amepiga magoti karibu na stuli, bakuli jipya la uji mkononi, machozi yakimshuka.

"Nisamehe, Bibi. Mimi Mmakonde, nitajulia wapi? Nilitaka useme…" Akameza mate, akajikaza alitaje kama alivyolisikia. "Kuwa."

"Bado unamwambia afe!" dada alisema.

"Kuva."

"Hiyo ndiyo nini sasa? Umemtoa kaburini umempeleka wapi?"

"Dada, mwache," nilisema.

"Siwezi kumwacha, ataua mtu huyu. Kaza midomo, mwanangu, halafu usiikaze."

"Nikaze au nisikaze, mama?"

Kifua cha mama kilitikisika chini ya kanga. Nilifikiri anakohoa. Alitoa mkono wa kushoto, akaunyoosha mpaka usoni kwa Mama Pacha, akamshika midomo kwa vidole viwili, ya juu na ya chini, akaisogeza mmoja karibu na mwingine, akaacha nafasi ndogo. Akamwashiria kwa kichwa: sema.

"Ku-wa," alisema Mama Pacha kupitia vidole.

Mama akatikisa kichwa: hapana. Akaibana tena.

"Ku… wa."

Hapana. Alimpiga kidogo shavuni kwa ncha ya vidole, kama alivyokuwa akitupiga sisi tuliposoma vibaya. Kisha akaachia midomo ya mkwe, akajiinua kwenye mto, na kwa kidole kimoja akaunyanyua ule upande wake ulioshuka, akaushikilia usawa na mwingine. Akafungua kinywa ili amwonyeshe. Ikatoka pumzi, na ndani ya pumzi sauti nyembamba ambayo mimi na dada hatukukubaliana baadaye ilikuwa ipi kati ya zile mbili.

Mama Pacha hakusubiri kujua. Kinywa kilikuwa wazi, naye alikuwa na kijiko mkononi. Akakiingiza. Mama alimkazia macho kwa ghadhabu, uji ukimchuruzika pembeni, akameza, akamnyooshea kidole midomoni aanze tena.